Kabla Hujalipia Kozi, Sikia Hii Historia ya Lugha ya Kwanza

Shangazi alinipigia simu Jumapili saa mbili usiku, na kwa sauti yake tu nikajua hii stori ina pesa ndani. Binamu yangu alimaliza Form Four mwaka jana na anataka kujifunza kuandika programu. Ameona tangazo la kozi ya miezi mitatu, shilingi 45,000. Shangazi ameshatoa 30,000 kwa chama chake, zilizobaki anataka kukopa.

"Sasa wewe ndiye mtoto wetu wa kompyuta," akaniambia. "Hiyo lugha wanafunza huko, ni ile nzuri ama ni ile ya zamani?"

Nikamwomba anipe wiki moja. Akasema haiwezekani, tangazo linasema nafasi zinaisha Ijumaa. Manze, hizo nafasi huwa zinaisha Ijumaa ya kila wiki.

Hilo swali la shangazi naletewa kwa inboksi karibu kila siku. Nianze na Python ama JavaScript? C bado iko hai? Java imekufa? (Nasema "kuandika programu" makusudi. Siku moja nilimwambia shosho najifunza kodi, akauliza kama KRA wameniandama.) Na kila nikiweka jibu, komenti zinageuka vita. Msee mmoja anasema ukianza na Python utabaki mvivu maisha yako yote, mwingine anasema ukianza na C utaacha kabla ya wiki kuisha. Mimi mwenyewe nimepigana hiyo vita, tena kwa hasira, na ilinikula miaka miwili.

Wacha niseme ilivyokuwa. Shuleni kompyuta hazikututosha, kwa hivyo programu yangu ya kwanza niliiandika kwa daftari. Mwalimu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu na kunipa 7 kwa 10. Hadi leo hakuna kompyuta yoyote imewahi kuiendesha. Nilipomaliza shule nikalipia darasa fulani tao, watu 12 kwa kompyuta 4, lugha ilikuwa C++. Wiki ya pili ikaisha kabla programu yangu haijakubali hata mara moja, kwa sababu mahali fulani nilikuwa nimesahau nukta mkato, na zamu yangu kwa kibodi ilikuwa inaisha kabla sijaipata. Nikatoka pale nikijiambia shida ni lugha. Nikaenda YouTube. Jamaa mmoja akasema Java ndiyo mpango, nikahamia Java. Mwingine akasema Java ni ya wazee, nikahamia Python, halafu JavaScript, halafu nikaonja PHP kwa sababu kuna mtu aliniahidi kazi. Baada ya miaka miwili nilikuwa najua kuisalimia dunia kwa lugha tano, na sikuwa na kitu cha kuiambia baada ya salamu.

Kwa hivyo safari hii sikutaka kumpa shangazi maoni yangu hivi hivi. Niliamua kuchimba. Nilitaka kujua nani alikuwa wa kwanza kukaa chini na kuuliza mtu asiyejua lolote aanzie wapi, na alijibu aje. Kumbe hii vita yetu ya komenti imepita miaka 60.

Rudi mwanzo wa miaka ya 1960. Kompyuta ni mashine ya kujaza chumba, na kuna watu maalum wanaoruhusiwa kuigusa. Lugha zipo. FORTRAN ilitoka IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake, na ilikuwa ya kupiga hesabu za sayansi. Lakini angalia ulivyokuwa unaitumia. Unaandika programu kwa karatasi. Unaitoboa kwenye kadi, mstari mmoja kadi moja. Unabeba rundo lako la kadi hadi dirishani, unampa mtu wa mashine, unaenda nyumbani. Baadaye unarudi kuchukua majibu, na majibu yanasema umesahau koma. Unatoboa kadi nyingine, unarudi kwa foleni. Kama umewahi kutafuta stakabadhi kwa ofisi ya serikali kabla ya eCitizen, hiyo "rudi kesho" unaijua vizuri.

Katika chuo kimoja kidogo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire huko Marekani, hali ilikuwa mbaya zaidi. Thomas Kurtz, mwalimu wa hesabu, alikuwa anasafiri kwa treni hadi MIT, kando ya Boston, na kadi za wenzake ndani ya sanduku, kisha anarudi nazo na majibu. Sasa fikiria umesafirisha kosa lako kwa treni, kwenda na kurudi, ndio uambiwe ni kosa.

Mwenzake alikuwa John Kemeny. Huyu alizaliwa Budapest mwaka 1926, familia yake ya Kiyahudi ikakimbilia Marekani mwaka 1940, na bado akiwa kijana akapiga hesabu Los Alamos, kule bomu la atomiki lilikotengenezwa. Baadaye akawa msaidizi wa Einstein katika hesabu. Mtu wa aina hiyo ungedhani ataandika lugha ya majiniasi wenzake. Yeye na Kurtz wakafanya kinyume. Waliangalia wanafunzi wao wakaona wengi hawasomi sayansi. Wengi wanasoma historia, fasihi, siasa. Hao ndio watakuja kuwa mabosi na wakubwa serikalini, na wataamua mambo ya kompyuta bila kuwahi kuigusa. Wazo likawa kila mwanafunzi aguse.

Walijaribu kwanza kurahisisha lugha zilizokuwepo, wakaona haitoshi. Mwaka 1962 Kemeny akajaribu kitu kidogo kilichoitwa DOPE, na hicho pia hakikufika mbali. Halafu ndio wakaanza BASIC. Amri zenyewe hazikufika 20, na zilikuwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Ukitaka kuingia kwa mashine unaandika HELLO, ukitaka kutoka unaandika GOODBYE.

Lakini hii sehemu ndiyo watu huiruka wakisimulia. Lugha ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kufanya kompyuta moja ihudumie watu wengi kwa wakati mmoja. Mashine inampa kila mmoja kipande kidogo cha sekunde, inazunguka haraka hivi kwamba kila mtu anadhani ni yake peke yake. Badala ya kadi, mwanafunzi anakaa kwa mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Programu nyingi za kuendesha huo mfumo ziliandikwa na wanafunzi wa digrii ya kwanza, vijana wa umri wetu. Tarehe 1 Mei 1964, karibu saa kumi alfajiri, Kemeny na mwanafunzi mmoja walikaa kwa mashine mbili zinazopakana, kila mmoja na programu yake ya BASIC, wakaandika RUN kwa wakati mmoja. Zote mbili zikajibu.

Kutoka treni ya Boston hadi sekunde chache. Hapo ndipo nilisimama kusoma, nikaenda kutengeneza chai, kwa sababu niliona shida yangu ya miaka miwili imeandikwa pale na mtu aliyenizidi miaka zaidi ya 70. Nilikuwa nalaumu C++. Kumbe kilichonimaliza ni zamu. Nilikuwa nakosea Jumanne na kujua nimekosea wapi Alhamisi.

Siwafanyi malaika lakini. Hiyo "kila mwanafunzi" ya Dartmouth ilikuwa wanaume tu, maana chuo hakikuchukua wasichana wa digrii hadi mwaka 1972. Aliyekuwa rais wa chuo walipofunguliwa mlango ni Kemeny huyohuyo, kwa hivyo kidogo alijikomboa.

BASIC ikatoka chuoni ikaingia majumbani, na hapa historia inachekesha, kwa sababu kuanzia hapo hakuna aliyeichagua. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliandika BASIC ya kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800, na hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa ya kwanza ya Microsoft. Miaka michache baadaye zikaja kompyuta za nyumbani kama BBC Micro ya Uingereza, mwaka 1981, na Commodore 64, mwaka 1982. Ukiwasha hizo mashine hukutani na picha wala apu za kubonyeza. Unakutana na BASIC, imekaa pale inakungoja uandike. Mtoto wa miaka 10 hakuuliza komenti aanze na lugha gani. Alipanda mathree iliyokuwa stejini.

Na mmoja wa hao watoto alikuwa Helsinki. Babu yake alikuwa na Commodore VIC-20, naye akaanza kuandika BASIC juu yake. Jina lake Linus Torvalds. Mwaka 1991 alitoa Linux. Kama unasoma hii kwa simu ya Android, kiini cha hiyo simu ni Linux. Weka hiyo akilini, kwa sababu anayefuata atakuambia watu kama Linus waliharibika.

Edsger Dijkstra alikuwa Mholanzi, mmoja wa akili kubwa kabisa zilizowahi kukaa kwa hii kazi. Mwaka 1975, wakati Gates na Allen wanaanza, Dijkstra aliandika kwamba mwanafunzi aliyewahi kuguswa na BASIC karibu haiwezekani tena kumfunza kuandika programu vizuri, akili yake imeshaharibika kiasi cha kutorekebishika. Hiyo sehemu watu hupenda kuisambaza. Wanachoacha ni kwamba katika maandishi hayohayo alizipiga pia FORTRAN, COBOL, PL/I na APL. Yaani jamaa alichoma mtaa mzima. Ukimsoma wote unaona hakuwa anachagua lugha ya mwanzo. Alikuwa na hasira na hali nzima ya kazi yake.

Na kwa BASIC ya siku zile alikuwa na pointi, tuseme ukweli. Kulikuwa na amri ya GOTO. Kila mstari una namba, na unaweza kuiambia programu iruke mstari wowote. Programu ikiwa fupi hakuna noma. Ikirefuka inakuwa kama kuelekezwa na mtu asiyejua majina ya barabara: nenda mpaka kwa kibanda cha mayai, rudi nyuma hadi stima ilipo, ruka mtaro, ukikosa rudi kwa mayai. Dijkstra alikuwa ameshaishambulia GOTO mwaka 1968. Mimi pia naijua hiyo hali, maana miaka yangu miwili ya kuhamahama iliniachia tabia mbaya. Nilikuwa nabandika vipande vya programu bila kujua vinafanya nini, na kuziacha hizo tabia kulinichukua muda mrefu kuliko kuzipata. Kwa hivyo simcheki. Ila alikosea kuhusu "kutorekebishika". Simu yako ni ushahidi.

Kuna waliojibu malalamiko ya aina yake kwa kazi. Niklaus Wirth, Mswisi aliyekuwa anafunza Zurich, alitoa Pascal mwaka 1970, akaipa jina la mwanahesabu Blaise Pascal. Alitaka mwanafunzi apange mawazo tangu siku ya kwanza, aseme mapema kila kitu ni cha aina gani, agawe kazi vipande vipande. Ilikubalika sana kwa vyuo. Mtihani wa kompyuta wa AP, ule wanaofanya wanafunzi wa sekondari Marekani, ulianza na Pascal mwaka 1984, ukahamia C++ mwaka 1999, ukahamia Java mwaka 2004. Soma hizo tarehe tena. Miaka 20, lugha tatu. Wanafunzi hawakubadilika ubongo katika hiyo miaka 20. Kilichobadilika ni kile waajiri walikuwa wanatumia, na shule zikafuata nyuma zikihema.

Dijkstra hakuchoka, by the way. Mwaka 2001 akiwa Texas, amestaafu, aliandikia chuo kikuu chake barua akikiomba kisitoe Haskell kwa wanaoanza na kuweka Java. Alikufa mwaka uliofuata, na Java ndiyo iliyochukua nafasi.

Lakini mtu ninayempenda katika hii historia yote ni mwingine, na ni wa huku kwetu Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928. Alipinga ubaguzi wa rangi akiwa kijana, akaondoka kwenda kusoma Uingereza, halafu akafanya kazi Geneva na Jean Piaget, yule mtaalamu aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Baadaye akaenda MIT. Mwaka 1967, yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon wakatoa Logo, lugha iliyotengenezwa kwa watoto tangu mwanzo. Wanaoikumbuka hukumbuka kobe. Mwanzo ilikuwa roboti halisi inayotembea sakafuni na kalamu tumboni, baadaye ikawa alama ndogo kwa skrini. Unaiambia kobe iende mbele hatua 100, igeuke kulia nyuzi 90, irudie mara nne, na mraba huo hapo umechorwa.

Ujanja wake uko wapi? Kobe ikienda vibaya unaiona. Huhitaji mwalimu wa kalamu nyekundu. Mtoto anasimama, anatembea mwenyewe vile kobe imetembea, anagundua aligeuka mapema. Kwa Papert kosa halikuwa alama ya kukatwa. Lilikuwa kitu cha kuangalia na kurekebisha, kama fundi anayesikiliza injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihusika na mradi uliopeleka kompyuta na Logo kwa watoto wa shule Dakar, Senegal. Mimi nilisoma kompyuta shuleni miaka mingi baada ya hapo, kwa ubao na chaki. Hilo liliniuma kidogo, siwezi kudanganya.

Halafu tunafika kwa lugha ambayo karibu kila mtu anakwambia uanze nayo leo, na asili yake si vile nilidhani. Katika kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam, kulikuwa na kikundi kilichotengeneza lugha iliyoitwa ABC. Lengo lao lilikuwa kuchukua nafasi ya BASIC kwa watu wasio wataalamu. Ilikuwa safi, ilikuwa ya upole kwa anayeanza, na karibu hakuna aliyeitumia. Ilikuwa imejifungia, vigumu kuiunganisha na vitu vingine vilivyokuwa kwa kompyuta. Mmoja wa wafanyakazi wa huo mradi alikuwa Guido van Rossum. Likizo ya Krismasi ya 1989 akaanza kuandika lugha yake mwenyewe kwa kujifurahisha, akachukua alichopenda kwa ABC, kama ile ya kusogeza mstari ndani badala ya kufungia kila kitu kwa mabano. Mwaka 1991 akaitoa kwa watu. Jina Python alilitoa kwa kundi la vichekesho la Uingereza, Monty Python. Nyoka hana makosa.

Kwa hivyo Python haikuzaliwa kama lugha ya wanafunzi. Guido alitaka chombo cha kazi, kitu cha kumrahisishia shughuli za kila siku. Lile lengo la kufunza watu wote lilirudi baadaye, mwaka 1999, alipoomba pesa za serikali ya Marekani akisema kuandika programu kunafaa kuwa kwa kila mtu. Kemeny angetabasamu. Kufikia 2014, Philip Guo alihesabu idara 39 za juu za kompyuta Marekani akapata 27 kati yake zinatumia Python kwa madarasa ya kuanza. Hiyo ABC iliyoandikwa makusudi kwa wanaoanza ikabaki historia, na mtoto wake aliyeandikwa kwa kazi ndiye aliyeingia darasani. Mimi naona sababu ni kwamba Python haikukuacha mlangoni. Ukimaliza somo la kwanza, lugha ni ileile wanayotumia watu wazima kazini.

JavaScript nitaipitia haraka, na najua mtanisumbua kwa komenti. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwaka 1995 akiwa Netscape, na kuna makosa ya hizo siku 10 tunayalipia hadi sasa. Faida yake ni ile ya Commodore 64: iko ndani ya kila brauza, huhitaji kuitafuta.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule zetu za msingi na sekondari, na mtandaoni tukaanza kubishana lugha. Mimi pia nilibishana. Leo ningeuliza maswali ya Kurtz. Huyo mtoto ana mashine gani, anaikalia dakika ngapi kwa wiki, na akikosea anajua baada ya muda gani? Kwa sababu unaweza kupewa lugha tamu kuliko zote halafu ukaishi kama mtu wa kadi na treni. Mimi niliishi hivyo, na C++ haikuwa na hatia. Na nikiona mtu akisema Python imemshinda, huwa namuuliza alikuwa anaiandika wapi. Mara nyingi ananiambia hakuwa anaiandika mahali, alikuwa anatazama vidio akiwa kwa mathree.

Binamu hana laptopu. Ana simu ya Android yenye kioo kilichopasuka kona. Kuna apu inaitwa Pydroid 3, inaendesha Python ndani ya simu hata bando ikiisha. Sitasema ni raha. Kusogeza mistari ndani kwa kibodi ya simu kunachosha vidole, na ukiandika mistari 40 unapotea. Lakini ukikosea, unajua hapo hapo. Na mimi niko karibu, naijua hiyo lugha, anaweza kuniuliza saa yoyote. Hiyo sababu ya pili ni nzito kuliko ubishi wote wa lugha ipi ni ya kisasa. Kama ningekuwa mtu wa JavaScript, ningemwambia aanze na JavaScript na nisingejisikia vibaya hata kidogo.

Jumatano nikampigia mwenye kozi. Nikamuuliza wanafunzi wangapi kwa kompyuta moja. Akasema watatu, wakati mwingine wanne, "lakini lugha ni ile ya kisasa kabisa." Nikamuuliza kama wanaweza kuja kufanya mazoezi baada ya darasa. Akasema darasa linatumiwa na kundi lingine. Alikuwa mpole, sina ubaya naye.

Usiku huo nikamwambia shangazi asikope. Achukue zile 30,000, twende tao tutafute laptopu ya mtumba iliyo imara, itakayobaki iwe ya bando. Kabla ya hapo binamu aanze kwa simu, mwezi mmoja, tuone kama kweli anataka. Nikamwelezea na ile hadithi ya treni. Akasikiliza yote, halafu akauliza, "Na cheti?"

Hapo alinishika. Kozi ina cheti, laptopu ya mtumba haina. Nikaanza kumwambia waajiri wa siku hizi wanaangalia kazi yako, akanikata. "Mwanangu, wewe uliajiriwa na nani?" Ukweli ni kwamba najiajiri, na kuna ofisi zilizonifungia mlango kwa sababu sikuwa na hiyo karatasi. Kemeny hakuwa na jibu la hiyo, wala Papert. Tukakubaliana laptopu kwanza, cheti baadaye akipata chuo, lakini aliposema sawa nilisikia ile sawa ya mzazi ambaye atarudi na hiyo mada Krismasi mbele ya watu wote.

Alhamisi saa tano na dakika arobaini usiku binamu akanitumia skrinishoti. Alikuwa anaandika programu ya kupiga hesabu ya chama cha mamake: nani ametoa, nani bado, jumla ngapi.

"Bro, hii kitu imekataa."

"Imekataa aje?"

"Inalia tu. Inasema mstari wa 4."

"Soma mstari wa 4. Pole pole."

Kimya. Dakika mbili.

"Eish. Sikufunga mabano."

Halafu akatuma nyingine, majina ya akina mama 11 yamejipanga, jumla chini. Moja ilikuwa na deni la wiki tatu. Nikamwambia asimwonyeshe mtu hiyo, atagombanisha chama.

Ijumaa imepita. Nimeangalia lile tangazo asubuhi hii. Nafasi zinaisha Ijumaa.